Farasi Aliyeujua Mluzi Wako

Ayalandi,
mwisho wa mwezi wa kwanza

Mpendwa Baba,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama. Natumaini zinawakuta mkiwa wazima, na mbuzi wa Mama bado wanakula nguo za majirani. Mimi sijambo. Baridi ya mwaka huu inauma masikio, lakini nimeizoea kama mtu anavyomzoea shemeji mkorofi. Habari za Kisegi? Ziwa limerudi nyuma, au bado limekalia shamba letu la viazi? Kifua cha Mama kinaendeleaje? Nauliza, ingawa kilichonifanya nishike kalamu si kifua cha Mama. Ni moyo wako.

Usitafute fimbo uondoke, Baba. Dada Adhiambo, msomee hapohapo alipoketi, na akisimama mfuate huku ukisoma. Kwenye simu, kila nikianza jambo hili unasema "hebu ongea na mama yako," na nikimalizana na Mama umeshafika zizini. Barua haikatiki. Nimeiandika kwa Kiswahili, lugha ya nyumba yetu tangu ulipomleta Mama kutoka kwao Isebania, ili naye asikie kila neno na asije akapewa tafsiri yako.

Adhiambo ameniambia umeitoa plau ghalani, umeipaka mafuta, na umewaahidi watu wanne kwamba mvua ndefu za chwiri zikianza kunyesha utawalimia. Hii ni baada ya daktari kukueleza kwamba moyo wako hauwezi tena kusukumana na plau. Ni baada ya kuanguka msimu uliopita wa mvua fupi za opon, ukalala kwenye mtaro mpaka jirani yetu, mama Pamela, aliposhangaa kuona maksai wamesimama katikati ya shamba lake bila mtu nyuma yao. Ulipoulizwa ulisema ulikuwa umejipumzisha. Baba, ni nani anayejipumzisha kifudifudi kwenye udongo mbichi saa tatu asubuhi?

Nakuomba uache plau. Nimeshalisema. Sasa, kabla hujakasirika, nikupe habari za Silwal, maana najua za Silwal utazisikiliza. Naambiwa pale sokoni unamwita "farasi wetu."

Silwal hakimbii tena.

Sikukueleza mapema kwa sababu nilitaka kukueleza vizuri, tangu mwanzo. Nilipoacha kazi ya kutunza farasi Nairobi nikaletwa huku, miaka tisa iliyopita, yeye alikuwa na miaka minne na hakuna aliyemtaka. Jina lake la kwenye vyeti ni refu, la Kiairishi, hata wenyewe hulikosea. Mimi nilimwita Silwal siku ya kwanza kwa sababu ya rangi yake, ileile ya udongo wa kichuguu, kama yule maksai wako wa upande wa kushoto. Mguu wake ulikuwa mzuri, kifua kipana. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Mbio zikianza, wenzake wakiondoka, yeye alisimama. Alipanda miguu minne ardhini kama nguzo za ghala na hakuna fimbo iliyomtoa. Alifanya hivyo mara mbili mbele ya watu. Waamuzi wakasema akirudia mara ya tatu atafungiwa asikimbie tena popote. Mwenye farasi, mzee mmoja aliyekuwa mwokaji mikate, akasema akifungiwa atamuuza, na farasi wa mbio asiyekimbia hanunuliwi na mtu wa kumpenda.

Wakati huo mimi nami nilikuwa taabani. Unakumbuka kwamba nikifanya kazi hupiga mluzi wako, ule wa kuanzisha maksai, mitatu mifupi inayopanda halafu mmoja mrefu. Sikuwa nimeusahau hata Nairobi. Wiki yangu ya kwanza hapa niliupiga asubuhi nzima nikisukuma toroli la samadi. Kumbe huku, farasi akitoka kwenye mbio na daktari anataka mkojo wake wa kupima, mtunzaji humpigia mluzi mpaka akojoe. Wamefundishwa hivyo tangu wadogo. Nikapita nikipiga mluzi wangu kwa raha zangu, na nyuma yangu vyumba kumi na kimoja vikalowa. Mkufunzi wetu, Bi Nora, mama wa miaka sitini mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, alitoka ofisini akatazama majani yote mapya yakielea.

"Nani amekufa," akaniuliza, "mpaka hawa wote wanalia?"

Nilibadilisha majani ya vyumba vyote kumi na kimoja peke yangu. Lakini nilipofika kwa Silwal, chumba cha kumi na mbili, nikakuta pakavu. Yeye hakukojoa. Alikuwa amekuja hadi mlangoni, shingo mbele, akisukuma ubao kwa kifua. Nikajaribu tena polepole, mitatu mifupi na mmoja mrefu. Akasukuma mpaka bawaba zikalia. Baba, yule farasi alikuwa anataka kuvuta plau.

Nilimweleza Bi Nora. Akasema wazimu wa bure unajaribika. Siku ya mara ya tatu aliniombea ruhusa kwa waamuzi nisimame nyuma ya farasi pale pa kuanzia. Wenzake waliondoka. Silwal akapanda nguzo zake. Midomo yangu ilikuwa imekauka kwa woga, mluzi wa kwanza ukatoka hewa tupu. Wa pili ukatoka kama unavyoupiga wewe mwisho wa shamba ukishageuza. Akaondoka. Alimaliza wa nne, na mimi nililia mbele za watu bila aibu.

Yaliyofuata unayajua, picha mnazo ukutani. Hizi ni mbio za kuruka viunzi, si zile za kunyooka tu. Viunzi vyenyewe ni kuta za fito zilizofungwa pamoja, zinanifika kifuani, na farasi anazivuka kama ishirini katika maili tatu za matope. Wengi huruka kwa papara. Silwal alikuwa akikikaribia kiunzi anainua masikio, anapima, anapunguza hatua moja, kisha anapaa. Alishinda mara kumi na moja. Ile mbio kubwa ya majira ya baridi aliishinda miaka miwili mfululizo, na Bi Nora, ambaye hajawahi kumsifu mtu, aliniita mbele ya waandishi wa habari akasema, "Muulizeni huyu." Nikajisifu kama tunavyojisifu kwetu kwenye sherehe. Nikasema mimi ni Okoth mwana wa mshika plau, farasi wangu hunywa maji ambayo wengine wameyaogopa. Hawakuelewa kitu, lakini waliandika.

Silwal aliwahi kuanguka mara moja. Alilala kimya na mimi nilikimbia umbali wa viunzi viwili kwa miguu. Nilipofika akainuka, akajikung'uta, akanipiga kikumbo kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Na mwaka aliofariki Nyanya nami nikakosa ruhusa ya kuja kumzika, ni chumbani kwa Silwal nilikokaa matanga yangu. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Alinipumulia shingoni mchana kutwa, wala hakutaka kujua kwa nini silii kwa sauti.

Sasa nije kwenye mbio za mwisho. Ilikuwa mwanzoni mwa baridi hii, ileile mbio kubwa, na mwokaji alitaka kushinda mara ya tatu. Silwal ana miaka kumi na mitatu. Asubuhi ile nilimpima kama ulivyonifundisha kupima maksai, mgongo wa mkono kwenye kila mguu. Yote ilikuwa baridi, dalili ya uzima. Alikula vizuri. Adhiambo alinipigia simu nikiwa namfunga Silwal tandiko.

"Okoth, usishtuke," akasema. "Mzee alianguka shambani, wiki mbili sasa. Alisema nisikuambie. Lakini ameamka, anakula, na ameanza kugombana na kila mtu, so usilie."

Nikampeleka farasi uwanjani na maneno hayo kichwani.

Alianza vizuri. Miaka ya karibuni hakuhitaji tena mluzi mwanzoni, ila mimi na mpandaji wake tulikuwa na makubaliano. Kwenye kiunzi cha mwisho, kabla ya kile kilima cha kumalizia, mimi husimama kwenye uzio, na Silwal akiwa karibu kushinda nampigia. Alikuwa akiusikia anatoa kitu ambacho hakuna anayejua alikuwa amekificha wapi. Siku hiyo alikata kona akiwa wa tatu, akawa wa pili. Kiunzi kabla ya cha mwisho alikigonga kwa kifua, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mitano. Lakini akaja. Mpandaji akanitazama. Mwokaji alikuwa kando ya bega langu la kulia, amenishika koti.

"Sasa," akasema. "Mpigie sasa."

Nilishaweka vidole mdomoni. Nikamtazama masikio. Hayakuwa mbele, hayakuwa nyuma, yalikuwa yamelegea pembeni, na bado miguu ilikuwa inakuja. Nikakusikia wewe, siku ile nilipokuwa darasa la sita nikataka tumalizie mistari miwili iliyobaki kabla ya jua kuwaka. Ulisema, "Okoth, maksai mwenye moyo hawezi kukuambia amechoka. Wewe unashika plau ndio unafaa kumwambia." Ukawafungua na shamba halijaisha, na mwenye shamba akakununia.

Nikatoa vidole mdomoni.

Alivuka kiunzi cha mwisho taratibu, akapanda kilima akienda mbio za mtoto anayetumwa asikotaka, akamaliza wa tano. Mwokaji aliliachia koti langu akageuka akaenda zake, na hilo liliniuma kuliko matusi. Mpandaji aliposhuka aliniuliza kwa nini nimemtupa. Nikalegeza mkanda wa tandiko. Daktari wa farasi akaja kumsikiliza, akaweka chombo kifuani, akakitoa, akakirudisha. Alisema moyo unaruka mapigo, unagonga ovyo, na kama angesukumwa kwenye kile kilima huenda angeangukia palepale mbele yetu. Baada ya siku mbili moyo ulijirudi wenyewe. Mwokaji alikuja zizini na mkate aliouoka kwa mkono wake, akanipa, akamshika Silwal paji la uso. "Basi," akasema, "amefanya ya kutosha."

Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Wiki tatu za kwanza, gari la kwenda mbioni likiondoka bila yeye alipiga mlango mateke mpaka ukapasuka. Alikataa chakula, mbavu zikatokeza. Nikaanza kusema moyoni kwamba nimemuua kwa njia ya polepole, na kwamba wapo viumbe ambao kazi ndiyo uhai wao. Nilikuwa nakuwaza wewe, sio yeye.

Halafu Bi Nora akamtoa. Tuna farasi wachanga wanne wanaoogopa viunzi. Alimtanguliza Silwal mbele yao, bila kumharakisha, avuke vigogo vidogo wamwone. Sasa kila asubuhi yeye ndiye wa mbele. Wakimpita anawauma. Wakichelewa anasimama, anageuka, anawangoja kwa dharau. Amenenepa, Baba. Ana tumbo la diwani. Wale wachanga hawaendi popote asipokwenda.

Najua utasema wewe si farasi. Kweli, farasi alikuwa msikivu zaidi. Na najua hao watu wanne umewaahidi, na ahadi yako haijawahi kuanguka tangu nikujue. Haitaanguka. Nimeomba likizo na Bi Nora amenipa miezi miwili. Nakuja kabla ya mvua. Nitawalimia wote wanne mimi, kuanzia kwa mama Pamela. Mistari yangu itapinda, na maksai watanidharau, na watu wa Kisegi watacheka. Wewe utakaa kwenye kiti mwisho wa shamba unitukane mpaka inyooke. Na binamu zangu watatu waliokaa bure wakitazama simu, uwaite waje uwafundishe, maana hakuna mwingine kwetu anayejua kumfunza ndama nira bila kumvunja roho. Hiyo ndiyo kazi ninayokuomba uifanye, na ni kazi kubwa kuliko ile unayoiacha.

Nisalimie Mama, umwambie nimepata ile shuka nzito aliyonitumia. Nisalimie shangazi yangu mpishi kule Asumbi, na mjomba mvuvi wa Takawiri ambaye bado anangoja nimletee kofia ya mpanda farasi. Mpe mama Pamela shukrani zangu. Yeye aliona maksai wamesimama akaja mbio, badala ya kungoja shamba lake limalizwe.

Baba, kwa Silwal nilikuwa kwenye uzio, hatua kumi tu kutoka kwake. Kwako niko mbali mno, mkono haufiki. Nakupenda, na naogopa. Usifunge nira kabla sijafika.

Mwanao,
Okoth