Mama Mkwe Ameacha Kuimba Kwa Sababu ya Sabufa Zangu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi iweke akiba. Naomba unisaidie, kwa sababu mimi ni dereva wa teksi niliyekomaa, nimebeba mabwana harusi waliokuwa wakikimbia harusi zao na mabosi waliolia kama watoto, hakuna jambo la dunia ambalo halijakalia kiti changu cha nyuma, lakini hili la mama mkwe limenishinda.

Mama mkwe wangu alikuwa kiongozi wa kwaya, sauti yake ilikuwa inatikisa miwani ya mtu usoni, halafu mwaka jana akaugua homa kali, yeye akapona, masikio hayakupona. Sasa tunamwandikia kwenye simu kwa herufi kubwa, na kuimba akaacha kabisa, akasema ataimbaje wimbo asiojua umefika wapi. Basi siku moja nampeleka kliniki, nimefungulia wimbo wa kwaya yao ya zamani wenye ngoma nzito, na sabufa yangu moja iko kwenye buti inafanya kazi yake, namwona kwenye kioo amelaza kiganja juu ya kiti, akafumba macho, akaanza kuimba! Mshauri, yuko sawasawa na mdundo, hakosei hata kidogo. Nilipitiliza kliniki makusudi, tukazunguka mji mzima, na abiria walionipungia mkono niliwaacha wanapunga.

Nikasema, kama moja inamfanya aimbe, mbili zitamfanya acheze. Nikanunua ya pili, pacha wa ile ya kwanza, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa redio za nyumbani, akaja kufunga. Tukakagua kitaalamu: sabufa ya kwanza imeandikwa 4 na alama kama kiatu cha farasi, ya pili nayo 4, na amplifaya, pale inapoungwa sabufa, imeandikwa 4 vilevile. Shemeji akapiga makofi, "Nne, nne, nne! Hii ndoa hata mchungaji hana la kuuliza." Akaunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na mimi nikashika tochi kwa ustadi mkubwa.

Mdundo wa kwanza majirani walitoka nje. Mama akaimba ubeti mmoja, akacheka, akaingia wa pili, na katikati yake amplifaya ikawasha taa nyekundu, ikazima. Mama akabaki na kiganja chake juu ya kiti. Akasema, "Basi, mkwe. Hata mikono imeniacha." Nikamwandikia kwamba si mikono, ni mashine, akanipapasa bega, "Najua unanipenda, baba, lakini usinidanganye." Tangu hapo hataki kupanda gari langu, kliniki anakwenda kwa miguu.

Mimi na shemeji tukajaribu tena, safari hii hata fyuzi ikakatika, sasa anasema amplifaya ni legelege na fyuzi inaibana, anataka aweke fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya tu. Nikikataa atasema namdharau mbele ya dada yake, nikikubali roho inanidunda kuliko hizo sabufa. Nifanyeje?

Ni mimi, Dereva Aliyeishiwa Utani.

*

Dereva, kwanza pole, na hongera. Wakwe wengi huishia kuulizia afya ya mama mlangoni. Wewe ulimrudishia wimbo, tena bila kujua, na ndiyo maana sitakukaripia sana. Kidogo tu.

Hilo la fyuzi: hapana. Si kwa majaribio, si kwa kumridhisha shemeji; iliyokatika ibadilisheni kwa nyingine ya ukubwa uleule. Fyuzi ni mlinzi wa geti. Ukimfukuza kwa sababu anakuzuia, moto utaingia mama wa watu akiwa amekaa humo.

Sasa nisikilize, maana kabla ya meza hii nilikuwa nakodisha spika za sherehe, na nimeunguza amplifaya nyingi kuliko klachi zote ulizounguza wewe. Kiatu chako cha farasi kinaitwa omu. Ni kipimo cha jinsi sabufa inavyoubana umeme usipite ovyo. Fikiria ukumbi wenye mlango mmoja, watu wanatoka kwa kubanana. Fungua wa pili kando yake, wanamiminika maradufu. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ndiyo milango miwili hiyo. Kila sabufa ni omu nne, lakini zikiwa pamoja hivyo amplifaya inaona mbili tu, na yenyewe iliwaandikia kwamba isishushwe chini ya nne! Inamwaga umeme kupita uwezo wake, inachemka, inajizima isife. Legelege? Ina akili kuliko mshika tochi.

Ziungeni kwa kufuatana. Chanya ya amplifaya iende chanya ya sabufa ya kwanza, hasi ya kwanza iende chanya ya pili, hasi ya pili irudi kwenye amplifaya. Hapo ndipo nne na nne zinakuwa nane, na mashine itapumua. Sikufichi, mdundo utakuwa karibu uleule wa sabufa moja. Unatosha. Mama hakuomba majirani watoke nje, anahitaji mdundo usiokatika njiani. Ukitaka umfike vizuri, sogeza boksi la sabufa liegemee mgongo wa kiti chake, ulikaze kwa bolti.

Kwa shemeji usiende na hukumu. Mwombe azipime sabufa zikiwa zimeshafuatana, kwa mita yake ya omu, kabla ya kuziunga kwenye amplifaya. Ikisoma saba au nane, endeleeni. Ikisoma karibu na mbili, hamjabadilisha kitu. Fundi huiamini mita yake kuliko mdomo wa shemeji.

Mama sasa. Usimwandikie tena. Tangu augue kila mtu anamwandikia maneno ya kumpoza, ana haki ya kuyachoka. Gari likae uani, injini izimwe asije akadhani anachohisi ni mtetemo wa injini, na mke wako amshike mkono mama yake amkalishe. Kiganja kimoja juu ya kiti, kidole cha mkono wa pili kwenye kitufe cha redio. Azime mwenyewe, awashe mwenyewe, hata mara kumi akitaka. Aliyeamini mikono yake imekufa haelezwi na mtu, ataelezwa na mikono hiyohiyo.

Na akianza kuimba, Dereva, wewe nyamaza. Najua hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizokupa.