Salamu Chini ya Mchikichi

Jumatatu, 6 Oktoba

Baba Neema,

Tumechemsha chikichi mapipa mawili. Mama Saada amekuja kutoka Ujiji, amechukua madebe matatu ya mawese. Zamani sita. Anasema wateja wake siku hizi wanataka mafuta meupe ya msaada, yale yanayotoka kambini kwa wakimbizi. "Hayachafui sufuria, dada. Haya yako yanachafua mpaka ndoto." Akacheka. Nikacheka naye. Kwa mdomo tu. Tangu tukuzike nacheka hivyo.

Nestori mkwezi wetu amekata mikungu kumi na mmoja. Bado anapanda vizuri, mvi zote zile.

Alhamisi, 9 Oktoba

Tangazo limesomwa kwenye ofisi ya kijiji. Mrundi yeyote anayeishi nje ya kambi atachukuliwa. Hata wa zamani. Nestori yuko hapa Simbo tangu Neema hajazaliwa. Ulimpa kazi siku ileile aliyofika na kitanzi chake cha kupandia begani. Ulimpa na kandambili zako.

Naogopa. Michikichi yote imeiva. Asipopanda yeye, kinu hakina cha kukamua, na bila kinu sina shamba, nina msitu. Nimewapitisha akilini wakwezi wote wa Simbo. Wote Warundi. Wanaume wetu waliacha kupanda miaka mingi. Kazi ya wageni, walisema. Hata wewe ulisema.

Jumamosi, 11 Oktoba

Namfundisha Nestori kusema kama sisi. Ulimi wake hauitaki L.

"Sema, ninalala Simbo."

"Ninarara Simbo."

"Ninalala."

"Mama Neema, mimi nikirara nimerara. Watakuja kunisikiriza nikikoroma?"

Wanawake wanaopukuchua chikichi walicheka mpaka wakaweka vikapu chini. Mimi sikuweza.

Tumekubaliana. Wakija, abaki juu, anyamaze. Makuti ni mazito, hawatamwona.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikwenda ibadani. Nilisikia magari mchana kutwa. Mengine hayakuwepo, ni hofu yangu tu.

Jumanne, 14 Oktoba

Wamekuja. Wanamgambo watano, saa nne asubuhi. Nestori alikuwa juu, upande wa kijito. Nilisema mkwezi wangu amekwenda Kidahwe kwenye msiba. Uongo mtupu, na niliusema nikiwatazama machoni. Mikono niliificha kwenye khanga.

Walizunguka shamba. Walichungulia kwenye kinu. Mmoja alionja mafuta kwa kidole, akayasifu. Wakaanza kuondoka. Nikapumua.

Yule mtu mzima kati yao akasimama. Hakuutazama mti wowote. Akasalimu kwa Kirundi, kwa upole kabisa, kama mtu anayepita nyumbani kwa jirani:

"Amahoro, mzee."

Niliomba. Sijui niliomba nini.

Halafu sauti ikatoka juu. "Amahoro, mwana wanje." Alimwitikia kama mwanawe.

Hakuweza kuiacha salamu ianguke. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akiiacha, hata ya mlevi. Sote tulifikiria ulimi wake. Hakuna aliyefikiria adabu yake.

Alishuka polepole. Alikunja kitanzi, akaomba maji. Walimwacha anywe kabla ya kumchukua. Aliponirudishia kikombe alisema, "Nisamehe, Mama Neema. Aliniita mzee."

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimetafuta mkwezi mwingine kila nyumba. Hakuna. Yohana, fundi baiskeli, alijitolea. Alifika nusu ya mti akaukumbatia.

"Shuka basi, Yohana."

"Nashuka. Ngoja kwanza miguu inijue."

Tulimshusha kwa ngazi.

Ndege wamo kwenye mikungu tangu alfajiri. Chikichi zinazoanguka tunaziokota.

Jumatano, 22 Oktoba

Mafuta ya chikichi za kuokota ni makali, yanakwaruza koo. Mama Saada aliyaonja, akafuta kidole kwenye khanga yake. Hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Aliondoka na madebe matupu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Wanawake wameaga leo. Kila mmoja alinishika mikono miwili. Nimekisugua kinu kwa jivu, nimekifunika gunia.

Watu watasema mafuta ya msaada yametumaliza. Yamechangia. Lakini shamba letu lilisimama juu ya miguu ya mtu mmoja, nasi tukadhani limesimama lenyewe. Hatukumwambia hata mara moja. Wewe labda ulimwambia, mlikuwa na maneno yenu ya pembeni.

Kesho napanda boti kwenda Mwamgongo kwa Neema. Anasema nitasaidia kuanika dagaa. Sijui kuanika dagaa. Nitajifunza.

Nimepita kaburini kwako, nimeng'oa majani. Nimekaa kidogo. Udongo ulikuwa na vuguvugu la jua, nikaweka kiganja.

Boti inaondoka asubuhi. Unikumbuke.