Mwanaidi, Nimechagua Ile Fupi

Mwanaidi, rafiki yangu,

Najua utanicheka. Nimechukua antena fupi. Ile ya vijiti tisa uliyoitetea siku zote, ndefu kuliko kitanda, nimeiacha dukani Tanga. Usinikasirikie kabla sijakueleza.

Tangu tulipokuzika sijatulia. Nasema tulipokuzika, lakini mimi sikuwahi. Mume wako alinipigia simu asubuhi, nikateremka Mombo, nikabadili gari Korogwe, nikabadili tena Muheza, na nilipofika Zirai wanaume walikuwa wanarudi makaburini wakikung'uta udongo mikononi. Nikaingia ndani kwa wanawake, nikalia nao, nikarudi Kwai. Basi. Tangu siku ile nikianza kukamua ng'ombe naacha katikati, nainuka kwenda kutazama kitu ambacho hata sikijui. Kanisani nakaa karibu na mlango. Redio nilikuwa siigusi. Mume wangu, Baba Elia, aliifunika kitambaa, akadhani ananisaidia.

Unakumbuka tulivyokutana kwenye mafunzo ya leseni ya redio ya ridhaa, hizi za watu kuitana hewani, wanawake wawili tu chumba kizima, sote wawili walimu wa sayansi? Tukarudi kila mmoja mlimani kwake, mimi Usambara ya magharibi, wewe ya mashariki, na kila Jumapili nikishatoka kanisani na wewe ukishaswali alasiri, tunaitana. Nilikuwa nakusikia kama mtu anayeongea huku anakaanga vitunguu. Milima imekaa katikati yetu, na antena zetu zilikuwa zile za kusimama, zinazotawanya sauti pande zote, kidogo huku, kidogo kule. Tukakubaliana tutafute za kuelekeza sauti upande mmoja. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Wewe ulitaka vijiti tisa. Ulisema, "Mama Elia, vijiti vingi ndiyo sauti inakwenda mbali. Mimi nakutaka wewe, siitaki dunia nzima." Mimi nikasema huujui upepo wa Kwai, ile ndefu itayumba, na inasikia njia nyembamba mno, ikihama kidogo tu nimekupoteza. Nikataka vitano. Tukabishana masika na vuli, na hakuna aliyenunua.

Sasa, wiki chache baada ya msiba, yule fundi wa Tanga tuliyemwomba atutafutie akanipigia. Amepata antena mbili, moja ndefu, moja fupi, nichague kabla hajapata mteja mwingine. Hakuwa na habari kwamba umefariki. Nikamwambia ndefu. Kesho yake nikampigia, nikasema hapana, fupi. Jioni nikarudia ndefu. Maskini alinivumilia. Baba Elia alikuwa anakatakata majani ya ng'ombe, ananisikiliza. Akasema taratibu, "Hiyo ndefu ni ya mtu mmoja, mama. Na huyo mtu hayupo."

Sikumsemesha siku nzima. Nikatembea hadi Irente, peke yangu, nikasimama pale mwambani wageni wanapopiga picha. Wao wanashangaa tambarare kule chini, mimi nimegeuza shingo kutazama Zirai, na kutoka pale Zirai haionekani kabisa. Mama mmoja akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikaondoka.

Mwishowe nikaenda Tanga mwenyewe. Fundi akazilaza zote mbili sakafuni. Nikaikamata ile ndefu, Mwanaidi, nikaiinua, na kwa kweli ni nzuri. Kisha akaniuliza swali analomuuliza kila mteja: "Mama, unataka kuongea na nani?" Kama ni mtu mmoja mahali pamoja, nichukue ndefu. Kama ni watu wa pande mbalimbali, nichukue fupi niwe naigeuza.

Nikamwambia natoka nje kidogo. Nikazunguka soko, nikashika nyanya, nikaziacha, nikaulizia khanga nisiyoihitaji. Nilitaka kurudi na jibu. Sikulipata. Niliporudi mlangoni mdomo ukasema "vitano" kabla sijajua nimeamua.

Tuliisimamisha nyuma ya zizi juu ya mlingoti wa mkaratusi. Fundi alisisitiza uwe wa mti, maana vijiti vinasimama wima na bomba la chuma likipita katikati yao litaharibu usikivu. Baba Elia alipanda ngazi kukaza, mimi chini, redio kando yangu, naugeuza mlingoti kwa mkono. Bila shaka nilianza na Zirai. Nikataja herufi zangu za leseni. Mshindo kama wa mvua kwenye bati, basi. Nikaita tena. Halafu nikaita herufi zako. Nilijua, Mwanaidi, sikuchanganyikiwa, lakini nilikuita. Baba Elia kule juu akageuza uso akatazama bonde.

Nikausukuma mlingoti taratibu kuelekea kusini. Ule mshindo ukapungua, na sauti ya mzee ikaingia safi kama yuko uani kwetu. Mzee Kihiyo, wa Korogwe, mstaafu wa reli. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akacheka, akasema ananijua siku nyingi. Yeye yuko pale bondeni, katikati yetu, kumbe alikuwa anatusikia sote wawili kila Jumapili na hakuwahi kuingilia kwa sababu aliona ni mazungumzo ya mtu na shoga yake. Ugomvi wetu wa vijiti anaujua wote. Kisha akauliza: "Na yule mwalimu wa Zirai yuko wapi? Simsikii siku hizi."

Nilibonyeza kitufe. Nikaachia. Nikabonyeza tena.

"Mwalimu Mwanaidi amefariki, mzee. Wamemzika kwao Zirai. Mimi nilichelewa."

Sikuwa nimeyatamka maneno hayo kwa mtu yeyote. Nyumbani walijua, kanisani walijua, hakuna aliyenilazimisha kuyasema.

Mzee akasema, "Pole sana, mwanangu. Alikuwa anacheka vizuri." Nikadhani yameishia hapo. Mara ikaingia sauti nyingine, kijana wa Muheza, akataja herufi zake, akasema, "Pole, mwalimu. Na mimi nilikuwa nawasikiliza." Kisha mama mmoja wa Handeni, kwa mbali, nikaugeuza mlingoti kidogo nimpate vizuri. Alisema alikuwa akichemsha chai akitusikiliza. Nikasimama nimekumbatia ule mti, nalia mbele ya ng'ombe, na watu nisiowajua wananitajia jina lako.

Sijapona, usidhani. Hata barua hii nimeinuka mara kadhaa nikiiandika. Ila Mzee Kihiyo ameniomba masika ikianza niwe hewani kila asubuhi, barabara ya Soni ikiporomokewa na mlima watu wa chini wajue mapema. Nimekubali.

Kwaheri, Mwanaidi. Mwenyezi Mungu akupokee kwa upole. Nakuahidi hili: yeyote atakayeuliza habari zako hewani, kutoka upande wowote, nitamjibu mimi mwenyewe, nami nitamweleza ulikuwa nani.

Rafiki yako,
Mama Elia,
Kwai