Mtu wa Kavata

Uthiru, Nairobi
Jumanne

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum warahmatullah. Nakubusu mikono yote miwili, na namwomba Mola barua hii ikukute umekaa kitako, magoti hayakusumbui na presha imeshuka. Je, ile dawa mpya unaimeza au unaificha chini ya mto? Kaka Hafiz na watu wake hawajambo? Huku mimi mzima wa mwili. Kichwa tu ndicho kimevurugika, hata sijui nianzie wapi.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu yako huwekwa spika, nyumba nzima ikasikiliza, na haya si ya nyumba nzima. Nimeitia ndani ya parseli ya basi pamoja na majani ya chai. Isome peke yako, mlango umefungwa. Na kama umeona juu nimeandika Uthiru wala si Jamhuri nyumbani kwangu, subiri, nafika.

Wajua tulipofikia mara ya mwisho. Mabruki ameoa mke wa pili kimyakimya, msichana wa Kikamba, umri wa kuwa mwanangu, akampangishia nyumba huku Uthiru, nami nikaja kujua tumbo limeshakuwa kubwa. Nikasema nataka talaka yangu, na tukakubaliana Hafiz aje Ijumaa hii anichukue, nirudi kwako Mombasa. Masanduku niliyafunga. Mabruki mwenyewe yuko Uchina, ati kununua mapazia ya duka. Amekimbia maneno, basi.

Alhamisi iliyopita, nimemaliza kusali adhuhuri, simu ikalia, namba nisiyoijua. Msichana analia, ananiita dada, anasema maji imetoka. Mama, maji ya Nairobi wayajua, mfereji hutoa siku ukipenda wenyewe. Nikamjibu haya, kinga mitungi yako, mimi waniambia ya nini? Akazidi kulia. Ndipo akasema yeye ni Kavata, na maji yenyewe si ya mfereji. Laiti angesema chupa imepasuka kama watu wengine, ningeelewa mara moja! Namba yangu alipewa na Mabruki, ati aitumie akipata shida. Uone ujuba wa mwanamume yule!

Nilitaka kukata. Wallahi nilitaka. Lakini akaniambia anakwenda kuzalia kwenye kituo cha wakunga, na pale kila mzazi hutakiwa aje na mtu wake wa kumshika mgongo, naye hana. Mamake kule Machakos hasemi naye tangu akubali kuolewa na Mwislamu mwenye mke. Nikajiambia nitakwenda nimtukane uso kwa uso, kisha nirudi zangu. Nikavaa buibui, nikaita teksi. Mpaka leo sijui kwa nini nilitia kanga mpya ndani ya mkoba. Mtu haendi kutukana na kanga mpya.

Kituo chenyewe ni nyumba ya kawaida tu, uani pana sukuma wiki na nguo za watoto zimeanikwa. Mkunga mkubwa anaitwa Lornah, mama mnene wa sauti ya chini. Akanitazama, akaniuliza kama mimi ndiye mtu wa Kavata. Mama, ningejibu nini? Mimi ni mke mwenziwe? Nikasema ndiyo. Akafurahi, akanionyesha pa kunawa mikono, akasema nimechelewa lakini nimefika.

Nilidhani najua uzazi. Sadiq nilimzaa nimelazwa chali, nesi akinipiga kofi la paja kila nikipiga kelele. Wakumbuka, wewe ulikuwa nje ya mlango. Na baada ya Sadiq sikupata mwengine. Hapa mambo kinyume. Kavata anatembea, anakalia mpira mkubwa, anapiga magoti, anakula tende, na Lornah kabla ya kumgusa anamwomba ruhusa! Mkunga kuomba ruhusa! Nikamuuliza kulikoni, akanijibu kwamba mwili ni wa mwenye uchungu, wao ni wageni tu. Sikujua nicheke au nilie. Ukaniingia wivu mwengine mpya, si wa mume sasa. Nilimwonea wivu kwa lile kofi ambalo yeye hakupigwa.

Uchungu ulipokolea Kavata akaning'inia shingoni mwangu mzimamzima. Msichana niliyemlaani baada ya kila sala, kichwa chake kiko kifuani pangu, ananiambia siezi, siezi, nami najisikia nikimjibu waweza mwanangu, pumua. Mwanangu! Ulimi wangu uliliokota wapi neno hilo?

Mtoto akatoka mamake amepiga magoti. Wa kike, mweusi wa kupendeza, nywele tele. Wakamweka kifuani mwa mamake, na kitovu hawakukikata mpaka kilipoacha kudunda. Hapo nikakumbuka adhana. Mwanamume Mwislamu hakuna, babake yuko Uchina. Nikainama, nikamsomea mimi mwenyewe, taratibu, sikio la kulia. Lornah akavua kofia yake ya kazi, masikini, labda alidhani ndivyo inavyotakiwa. Muulize Hafiz, adhana ya mwanamke yasihi, au irudiwe babake akija? Hilo nalo lanisumbua.

Kisha damu ikaja nyingi kuliko kawaida. Niliuona uso wa Lornah umebadilika, ingawa sauti yake haikubadilika. Wakanikabidhi mtoto, wakaniambia nikae kichwani pa Kavata nimsemeshe asije akazimia, wao wakamsugua tumbo, wakamchoma sindano, na gari likawekwa tayari langoni. Alhamdulillahi damu ikakatika, gari halikuhitajika. Jioni Kavata alikunywa uji.

Tangu siku hiyo niko kwake. Ndiyo, mama. Hana mtu wa kumfunga tumbo, wa kumkanda kwa maji ya moto, wa kumpikia supu. Nilisema nalala siku moja tu. Mabruki alipopiga simu nilimpa Kavata bila kutamka neno, nikamsikia yule mwanamume akilia kwa furaha, nikatamani kuitupa ile simu dirishani. Kwa hiyo usidhani nimekuwa malaika. Msichana huyu akicheka na mume wangu kwenye simu, naungua. Kisha mtoto analia, nambeba, ananyamaza, na mimi sijui tena nilikuwa nimekasirikia nini.

Sasa nisikilize, mama, na tafadhali usinitolee radhi. Pale wakunga waliponiambia nimsemeshe Kavata, sikumsemesha. Nilikuwa na mtoto mikononi, bado ana joto la mamake, ananitazama. Kavata macho yanamzunguka, anakwenda. Na mimi nikanyamaza. Nikawaza, akifa huyu, mtoto ni wangu na mume ni wangu. Niliwaza kwa maneno kamili, kama hivi ninavyokuandikia. Lornah akanipigia kelele nimsemeshe. Nikanyamaza bado. Ni aliponipigia kelele tena ndipo nikaingiwa na hofu, si ya kumhofia Kavata, ni ya kujiogopa mimi mwenyewe. Nikamwita kwa jina lake, nikamwita, nikamwita, mpaka koo likakauka.

Yeye hajui. Kila jirani anayekuja kumpa hongera anaambiwa kwamba ni sauti yangu iliyomrudisha. Hataki mtu mwengine amwogeshe mtoto ila mimi. Kila akinishukuru, chakula hakinipiti.

Basi mwambie Hafiz asije Ijumaa. Talaka bado naitaka, hilo sijabadili. Lakini kutoka hapa siwezi, na sijui kinachonishika. Sijui ni mapenzi, sijui ni kumwogopa Mungu, sijui ni mawazo yale yale ya siku ile yamevaa nguo nyengine. Maana jana, nikiwa namfunga tumbo, Kavata aliniomba jambo. Alisema kama siku moja lolote litampata, mtoto asipelekwe kwa mtu mwengine yeyote, nimlee mimi. Mama, nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Wape salamu wote wa nyumbani, wakubwa na wadogo, na watoto wa Hafiz nawabusu mmoja mmoja. Hafiz msomee mpaka pale pa adhana, usiendelee. Nijibu kwa mkono wako, usipige simu, na mkono wako ukitetemeka andika maneno machache tu, nitayasoma. Niombee dua, mama. Muombee na Kavata afya. Anza na yeye.

Wako mwanao,
Mahira