Nilikata vidonge vya mdogo wangu kwa kuogopa duka la dawa

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unijibu kabla ya Jumamosi kama inawezekana, nina miaka kumi na sita, niko fomu three, na hii barua naiandikia darasani wenzangu wakiwa michezoni kwa sababu nyumbani tuna chumba kimoja na mama anaonaga kila kitu.

Tulihamia Butiama mwezi wa pili tukitokea Musoma, mtaa wa Kigera, baba alifariki na mama akapata kazi ya kupika shuleni huku, na wiki ya kwanza tu mama akanishika mkono akanizungusha kwenye biashara zote, mashine ya kusaga, genge la mboga, fundi cherehani, duka la dawa, kila mahali anasema, "Huyu ni binti yangu mkubwa, mkimwona jueni nimemtuma mimi," maana alisema kwenye mji mdogo wasipokujua utauziwa nyanya za chini ya tenga. Musoma nilikuwaga naingia dukani naonyesha kwa kidole naondoka, huku lazima usalimie wote, uulizwe kwenu ni wapi, uulizwe baba yuko wapi, wakicheka kwa Kizanaki nisichokijua mimi nahisi wananicheka mimi. Nina aibu sana mshauri, maneno yananikwama, yanayokuja haraka ni ya Kiingereza kwa sababu primari nilisoma inglishi midiamu, na nikiyatoa hayo ndiyo wanacheka kweli.

Mdogo wangu Rhobi ana miaka minane na ana kifafa. Akimeza kidonge kila jioni anakaaga miezi bila kuanguka, na kazi ya kufuata dawa na kumpa ni yangu. Sasa mwezi wa sita nimefika duka la dawa, nimekuta watu wanne, dada Adventina anayeuza akaniona mlangoni akaita kwa furaha kabisa, "Karibu binti wa Kigera! Umefuata za yule mdogo wako anayeanguka? Kifafa kimepungua?" Hakuwa na ubaya, ndivyo anavyoongeaga na kila mtu. Lakini nyuma yangu alisimama mama yake Yunis, na Yunis ndiye rafiki pekee niliyempata shuleni, yule mama akavuta kitenge chake kisiniguse. Kesho yake Yunis akahama dawati akaniambia, "Mama kasema nisinywe kwenye chupa yako, eti povu linaambukiza."

Sikurudi tena pale. Vidonge nilivyopata siku ile nikaanza kuvikata kwa wembe, nusu kila jioni, baadaye nusu leo na kesho hakuna, nikimwambia mama nimenunua vingine, nilipanga vifike mpaka shule ifungwe niende Bunda ambako hakuna anayenijua. Hela ya mama sikula, ipo. Na kitu ambacho hakuna anayejua, ndani ya boksi kuna karatasi ya Kiingereza, mama hawezi kuisoma, mimi niliisoma yote, imeandikwa dawa isipunguzwe wala kuachwa ghafla, nikaikunja nikairudisha.

Wiki mbili zilizopita Rhobi aliangukia motoni uji ukichemka. Mkono wa kulia umeungua mpaka kwenye kiwiko na vidole viwili vimeshikana. Daktari akauliza kama dawa anameza, mama akajibu kila siku bila kukosa, mimi nimesimama palepale nasikia. Tulivyotoka mama akaenda moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga, wanawake wamejaa wanasubiri unga, akasema, "Adventina anatuuzia chaki! Mwanangu amekuwa akimeza chaki!" Jumapili kanisani kila mtu alishajua. Sasa wanalipita lile duka kama kuna msiba, na mtu ameandika CHAKI kwa mkaa mlangoni. Jana dada Adventina alinisimamisha njiani, hakunigombeza, alisema tu, "Mdogo wangu, wewe kwangu hujafika tangu mwezi wa sita. Mlikuwa mnanunua wapi?" Nikasema sijui, nikakimbia.

Mama amevitupa vidonge vilivyobaki, anasema hospitali basi, na Jumamosi anampeleka Rhobi kijiji cha Mugeta kwa bibi mmoja mganga anayechanja chale, watakaa huko mwezi mzima. Wiki hii Rhobi ameanguka mara tatu. Nikisema ukweli, mama hatanitaka tena. Nifanyeje?

Mimi, Butiama

*

Mwanangu,

Barua yako nimeirusha mbele ya nyingine zote. Nilipiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha, ikapokelewa, nikasikia mtu anahema, ikakatwa. Kama ulikuwa wewe, ile ilikuwa nafasi, ukaikimbia kama ulivyomkimbia Adventina. Kwa hiyo nakujibu hapa gazetini, leo Alhamisi. Majina nimeyabadilisha yote, lakini mji wenu ni mdogo na mama yako ana marafiki wanaosoma. Bora asikie kwako.

Pole kwa baba. Pole kwa chupa ya maji, na huyo mama wa kitenge ni mjinga: kifafa hakiambukizi, si kwa povu wala kwa kugusana. Aibu yako naielewa. Ila usiniambie hukujua. Ulisoma ile karatasi. Nyumbani kwenu ni wewe peke yako uliyeweza kuisoma, ukaikunja. Hilo utalibeba, na mimi sina neno la kulifanya jepesi.

Sasa sikiliza. Leo, mama akirudi kutoka kazini, kabla hajavua viatu, mwambie hivi: "Mama, dawa haikuwa chaki. Nilikuwa nampa Rhobi nusu, na siku nyingine sikumpa kabisa." Usianze na mama wa Yunis, usianze na aibu yako. Anza na dawa. Atalia, pengine atakupiga. Ukishindwa kutamka, mpe hili gazeti mkononi na ubaki hapohapo.

Kesho asubuhi Rhobi aende hospitali, siyo Mugeta. Daktari aambiwe ukweli wote, tangu mwezi gani na nusu ngapi, apange dozi yeye. Wewe usijaribu kufidia kwa kumpa viwili viwili. Aonyeshwe na ule mkono, vidole vilivyoshikana vinahitaji mtaalamu mapema. Mpaka hapo asiachwe peke yake karibu na moto hata dakika moja. Akianguka mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na akiendelea kutikisika dakika tano mkimbize.

Halafu nendeni kwa Adventina, wewe na mama yako, mkamwombe radhi. Msiishie dukani kwake. Nendeni mpaka kwenye mashine ya kusaga, siku foleni ikiwa ndefu, mashine ikizimwa useme wewe kwa mdomo wako kwamba dawa ilikuwa nzima. Kwa Kiswahili kilichokatika, kwa Kiingereza, kwa machozi, sijali. Watacheka wengine. Yunis huenda asirudi, na Adventina anaweza asikusamehe, ana haki yake.

Mama yako ameshazika mume. Usisubiri Jumamosi.