Spiriti Karibu na Jiko

Jumanne, 14 Mei. Frere Town.

Leo nitaandika yote, hata lile nililomwahidi Mama kulificha.

Kwa sababu ya mvua, ameingiza jiko la makaa chumbani ili kofia za kina mama wa kanisa zikauke kabla ya Jumapili. Alikuwa akiipaka felti, kile kitambaa kizito cha kofia, gundi iliyoyeyushwa kwa spiriti, ili ikakamae, mara moto wa buluu ukarukia brashi. Akauzima kwa kitambaa kilicholowa, akacheka.

"Mama, mwalimu alisema mvuke wa spiriti hushika moto."

"Huyo mwalimu wako ameshona kofia ngapi?"

Kesho nitakuwa shuleni, na mdogo wetu Imani atalala mumo humo.

Dada Neema, ukurasa huu nitakutumia. Nijibu upesi: nimwambie Baba, au niifiche chupa ya spiriti?