Mkwaruzo kwenye Mlango wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka tanurini kuoka mikate asubuhi, nikapita kwa dada kama kawaida. Kumwogesha mama, kumbadilishia shuka, kumtoa nje aote jua. Shemeji hayupo – gari la ofisi lilimpitia alfajiri, safari ya kikazi. La kwake lipo uani, linang'aa. Dada huliita "mke mwenzangu". Leo hakulitania. Macho mekundu. Nikamuuliza, akasema ni vitunguu.

Alikuwa ameanika shuka kando ya gari, njia imekuwa finyu, nikasukuma kiti cha mama cha magurudumu huku macho yangu yakiwa chini kwenye magurudumu. Mama akanyoosha mkono wake mzima, akaligusa boneti.

"Lina homa hili," akasema.

Nilicheka! Tangu kiharusi kimpige maneno yanamjia kwa shida, mengine kombo. Lakini utani haujamtoka.

Jioni:

Shemeji karudi, kapiga simu. Hata salamu hakuna. Mlango wa upande wa njia umekwaruzwa mbele hadi nyuma, tena umebonyea. Anasema ni kiti cha mama. Nani mwingine anapita pale? Nikamwambia shemeji, sijagusa. Akasema hanilaumu kwa kukwaruza, ananilaumu kwa kunyamaza. Akakata.

Sijagusa. Ningesikia. Au?

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kuuona. Ni mbaya kweli. Rangi imetoka mpaka bati linaonekana, na katikati pamebonyea kama shavu la mtu asiye na meno.

Shemeji alikisukuma kiti kitupu mpaka mlangoni, akakiegemeza. Kitovu cha gurudumu kikakutana na mwanzo wa mkwaruzo. "Umeona?" Nikamwonyesha kwamba mwisho wake umepanda juu kuliko kiti chenyewe. Akasema kiti kiliyumba. Nikasema hakikuyumba. Akasema, sasa shemeji, umejuaje hakikuyumba kama hukuona chochote?

Nilisimama pale kama mwizi.

Dada alikuwa dirishani, anamenya kitu. Hakuinua kichwa.

Kinachoniuma ni kwamba si mtu mbaya. Mimi naishi ghorofa ya tatu, chumba kimoja, ngazi tupu. Mama alipotoka hospitali ni yeye aliyesema aletwe kwake. Ule mteremko wa zege pale mlangoni aliumwaga kwa mikono yake, likizo yake nzima. Na gari hilo ndilo kitu pekee nilichowahi kumwona akikinunua kwa ajili yake mwenyewe. Hulipangusa kwa fulana yake ya zamani, taratibu, kama anamfuta mtoto.

Ijumaa, 7 Machi

Neno lililetwa na dada kwa simu Jumanne usiku: niendelee kuja kumwogesha mama, ila kiti kisitolewe ndani mpaka nikiri. Kwa hiyo mama yuko ndani. Siku ya tatu leo, anatazama ukuta. Leo aliniuliza kama mvua bado inanyesha.

Hakuna mvua yoyote.

Kazini niliunguza trei mbili. Mwenzangu wa tanurini akanitazama, akasema ungekuwa hujalikwaruza usingekuwa na sura hiyo. Alikuwa anatania. Nikamtukana. Nitamwomba radhi kesho.

Jumapili, 9 Machi

Dada tena, kwa simu, sauti ya chinichini. Sema tu ni wewe, kaka. Yaishe. Neno moja tu. Shemeji yako halali, hali chakula, humu ndani hamkaliki.

Nikamwambia nikisema, litakuwa langu mpaka nife. Kila harusi, kila msiba, mimi ndiye yule.

Kisha akasema: "Basi fanya kwa ajili ya mama."

Nilikasirika. Nikakata kabla yake. Halafu nikakaa kitandani nikiitazama simu kama imenifanya kitu.

Jumatano, 12 Machi

Ni dada.

Nimeandika. Sasa limeandikwa.

Nilikuwa nakanda, asubuhi mapema, ndipo yale maneno ya mama yakanirudia. Lina homa. Boneti lilikuwa la moto! Gari ambalo mwenye nalo aliondoka alfajiri na la ofisi. Nilisimama na unga hadi kwenye nyusi. Na zile shuka – kamba iko nyuma ya nyumba siku zote. Kwa nini zianikwe pale, kuufunika mlango?

Dada alikuja mwenyewe baadaye, mlango wa nyuma wa kiwanda, na mfuko mtupu kama mtu aliyefuata mkate. Kabla hajaanza nikamuuliza.

"Nani aliliwasha gari Jumatatu?"

Akaketi juu ya gunia la unga. Sketi nyeusi. Hakujali.

Mama alibanwa na pumu, shemeji alipokwisha ondoka tu. Pampu ya dawa tupu. Shemeji alikuwa amemkumbusha dada mara mbili anunue nyingine, naye akasahau mara mbili. Alipiga simu yangu, haikupatikana – ndiyo, tanurini huizima. Akachukua ufunguo. Kuendesha anajua kidogo, rafiki yake humfundisha, shemeji hana habari. Leseni hana. Alifika duka la dawa, akarudi, mama yuko hai. Geti ndilo lililomshinda. Nguzo yake ikaukwaruza ubavu wa gari.

Nikasema, dada, umeokoa mtu! Mwambie!

"Alisema siku nikigusa usukani wake nifungashe virago."

"Si alikuwa anatania?"

"Alikuwa anacheka. Sijui kama alikuwa anatania."

Nikamuuliza, ndiyo ukaniachia mimi? Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikutetemeka. "Wewe atakusamehe, kaka. Wewe si mkewe."

Nilimpa mkate. Sikujua nimpe nini kingine.

Alhamisi, 13 Machi

Sina hasira tena. Ningependa kuwa nayo. Mama leo hakuongea. Nilimgeuzia kitanda ili atazame mlango badala ya ukuta.

Nitasema ni mimi.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nikiwa kwa dada, kwenye ngazi ya mlangoni, daftari juu ya goti. Mama yuko kando yangu, kwenye kiti, nje. Nje!

Nilifika kabla ya mchana. Shemeji alinivutia kiti cha plastiki, akanikaribisha vizuri kabisa, hilo ndilo lililonimaliza. Mama alikuwa amesogezwa mlangoni. Dada nyuma yake, kashika vishikio.

Nikasema. Ni mimi, shemeji. Nilikwaruza. Samahani.

"Ulisikia lilipokwaruza?"

"Nilisikia."

"Ukaendelea kusukuma?"

"Nikaendelea."

Nilidhani atafurahi. Hakufurahi. Aliinama akizungusha pete kidoleni. Kisha akasema, polepole, kwamba mlango si kitu, mlango ni bati. Ila mimi nimemtazama machoni wiki nzima na zaidi, nikamwapia. Akasema mama hawezi kusema akidondoshwa. Hawezi kusema akipewa dawa isiyo yake. "Mtu wa namna hiyo simwachii mgonjwa. Tutatafuta mtu mwingine wa kumhudumia. Wewe utakuja kumsalimia, kama mgeni."

Ningesema nini? Kwamba nimedanganya kuwa nilidanganya?

Dada akasema, "Ngoja."

Hakulisema kwa nguvu. Akakisukuma kiti akakiteremsha kwenye zege, akaniachia mama, akamwambia mumewe: "Njoo ndani."

Mlango umefungwa. Nasikia sauti moja tu, ya dada, haipandi haishuki, kama mtu anayesoma. Mama kafumba macho, uso juani.

Sasa kimya.

Shemeji ametoka. Amepita bila kunitazama, ameingia garini, kakaa, mlango uko wazi, mguu mmoja nje. Ufunguo anao mkononi. Haliwashi.

Dada naye ametoka. Kavaa viatu vya kutokea. Kaniwekea mapajani mfuko wa dawa za mama, pampu mpya iko juu. Nimemuuliza shemeji amesemaje aliposikia. Nimemuuliza ni yeye kakufukuza au ni wewe unaondoka. Amesema, "Nifungulie geti," kisha amerudi ndani kuchukua shuka za mama.

Nimesimama, nimekaa tena. Shemeji amefunika uso kwa viganja viwili. Sijui nimwendee. Sijui nifungue geti.

Mama amefumbua macho. Anauliza kama tunakwenda kliniki.

Nimemwambia ndiyo.